Sifongo wa Bahari Baridi

Katika bahari ya Norwe, huko chini jua lisikofika, kuna kuta ndefu kama za mawe. Zimejengwa na wanyama wadogo waitwao marijani. Kila mmoja hujijengea nyumba ya chokaa. Akifa, wengine hujenga juu yake. Mwaka 2002 wataalamu waliona ukuta mmoja karibu na visiwa vya Røst. Urefu wake wapita kilomita 30.

Katika kuta hizo wanakaa sifongo. Sifongo ni nini? Zamani wengi walifikiri ni mmea, kwa kuwa hatembei. Lakini mwaka 1765 mtaalamu John Ellis alieleza kwamba aliona maji yakiingia na kutoka mwilini mwake. Basi, sifongo ni mnyama. Hana macho, hana moyo, hana tumbo. Huvuta maji kwa vitundu vidogo, huyachuja, hula kilichomo, kisha huyatoa.

Sifongo ni wa namna nyingi. Mtu atawatambuaje? Umbo hudanganya: wa jina moja aweza kuwa mviringo hapa, na bapa kule. Kwa hiyo mtaalamu hukata kipande kidogo, hukitia katika maji ya javeli. Nyama huyeyuka, hubaki vijisindano vidogo mno. Hiyo ndiyo mifupa ya sifongo. Kisha huvitazama kwa darubini ikuzayo vitu vidogo.

Kwanza huuliza: ni vya chokaa, au vya kitu kama kioo? Vya chokaa ni kundi lake. Vya kioo vyenye ncha sita ni kundi jingine. Sifongo aitwaye Geodia ana vijisindano vya kioo, na tena vijipira vya kioo katika ngozi yake. Geodia barretti na Geodia macandrewii ni ndugu. Lakini vijipira vya huyu wa pili ni vikubwa zaidi.

Kazi hii yafaa nini? Nyavu nzito zikikokotwa chini huvunja kwa siku moja kilichojengwa kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2003 serikali ya Norwe ilikataza nyavu hizo katika ukuta wa Røst. Lakini mchungaji asiyetambua mbuzi wake hatajua yupi amepotea. Ndivyo ilivyo kwa sifongo pia.

Maulizo: 1. Kwa nini sifongo si mmea? 2. Kwa nini umbo halitoshi kumtambua?