Mtunzi wa Muziki Anapoizungumzia Filamu Yake (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi muziki wa filamu unavyorekodiwa peke yake, mbali na mazungumzo ya waigizaji na vishindo vya milango, magari na risasi, kisha vyote vikachanganywa mwishoni. Utengano huo ndio uliozaa jambo la leo. DVD ilipoingia sokoni Japani mwaka 1996, na Marekani mwaka uliofuata, ilikuja na nafasi ya kubeba hadi njia nane za sauti kwa filamu moja. Njia moja ilibeba sauti za filamu yenyewe, nyingine zikabeba lugha za kigeni, na nyingine wakapewa watu walioitengeneza waizungumzie huku picha zikipita. Desturi hiyo ilianzia kwenye diski kubwa za leza mwaka 1984, wakati Ronald Haver alipoifafanua King Kong ya mwaka 1933 kwa ajili ya kampuni ya Criterion.

Wasomaji waliomsikiliza Lufufu kwenye vibanda vya video Dar es Salaam, au wanaomfuata DJ Afro nchini Kenya, wanaijua raha ya sauti inayopita juu ya filamu. Lakini hao husimulia hadithi. Mtunzi husimulia kazi.

Kwa bahati mbaya, nafasi hiyo hupewa zaidi mwongozaji. Naye akifika penye muziki mzuri, mara nyingi huusifu kwa neno moja na kuendelea na mambo ya kamera. Anayejua kwa nini fidla zimeingia hapo, na kwa nini zimenyamaza sekunde kumi baadaye, ni aliyeziandikia.

DVD ya The Matrix ya mwaka 1999 ilionyesha njia bora. Njia moja ya sauti ilipewa muziki mtupu, bila maneno ya waigizaji, pamoja na maelezo ya mtunzi wake, Don Davis. Katika muziki ule kundi moja la tarumbeta hupanda na kufifia huku kundi jingine likipanda kulipokea, sauti zikirudishiana. Davis aliliokota wazo hilo kwenye vioo na miwani mieusi iliyojaa ndani ya filamu, ambamo kila sura huakisiwa mahali fulani. Mtazamaji wa kawaida huhisi wasiwasi tu. Akiusikia muziki peke yake ndipo anapokutana na hesabu iliyofichwa. Danny Elfman naye alipewa nafasi kama hiyo kwenye DVD za Pee-wee's Big Adventure na Edward Scissorhands.

Jerry Goldsmith anastahili kusikilizwa kwa utulivu zaidi. Aliacha maelezo yake kwenye diski ya Hollow Man, kisha kwenye toleo la mwaka 2004 la Planet of the Apes, filamu ya mwaka 1968. Muziki wa filamu hii ya pili hadi leo unawashangaza wanamuziki. Wapiga ngoma waligonga mabakuli ya chuma ya kuchanganyia unga. Wapuliza pembe waligeuza vipulizio vyao nyuma mbele. Palikuwa na pembe la kondoo dume, na pia kuika, ngoma ya Brazili inayotoa mlio unaofanana na wa nyani. Sauti ambazo mtu angedhani zimetoka kwenye mitambo ya elektroniki zilitoka mikononi na vinywani mwa watu. Na pale mwisho, shujaa anapoanguka ufukweni mbele ya mabaki ya sanamu, hakuna hata noti moja. Ni mawimbi tu. Kujua mahali pa kunyamaza ni nusu ya ufundi huu. Goldsmith alifariki Julai mwaka huohuo wa 2004.

Mwezi uliofuata alifariki David Raksin. Maelezo yake juu ya Laura, filamu ya mwaka 1944, yaliwafikia wasikilizaji kwenye DVD ya mwaka 2005, mwenyewe akiwa hayupo tena. Kwa miaka mingi Raksin alisimulia jinsi mwongozaji Otto Preminger alivyotaka kutumia wimbo wa Duke Ellington, Sophisticated Lady, naye akapinga, akapewa siku za mwisho wa juma tu alete kilicho bora. Siku hizohizo alikuwa na barua ya mkewe mfukoni, barua ya kumwacha. Aliiweka juu ya piano, akapiga, na wimbo ukatoka. Ukawa miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa mara nyingi zaidi katika karne ile.

Bernard Herrmann hakuipata nafasi hiyo. Alifariki Desemba 24, 1975, saa chache baada ya kumaliza kurekodi muziki wa Taxi Driver. Huyu ndiye aliyeandika zile fidla kali za bafuni katika Psycho, mahali ambapo mwongozaji wake, Hitchcock, hakutaka muziki wowote. Maelezo yake dakika kwa dakika yangekuwa darasa zima, nasi hatutayapata kamwe.

Siku hizi filamu hutazamwa zaidi kupitia intaneti, na huko mara nyingi njia hizi za ziada za sauti huachwa nje. Kwa hiyo msomaji mwenye DVD za zamani kabatini asizitupe. Aiwashe deki, afungue menyu ya sauti au ya vipengele vya ziada, na akiliona jina la mtunzi, asikilize filamu nzima kabla diski haijakwaruzika.