Je, Dini Imebuniwa na Watu?

Hapa Nyasubi vijana huuliza: ikiwa dini zilianzishwa na watu, kwa nini tuzifuate? Swali hili halijibiwi kwa kukemea.

Tuanze nyumbani. Kabla ya Ukristo, Wasukuma na Wanyamwezi hawakuwa watu wasio na dini. Walimtaja Mungu kwa jina la Liwelelo, wakawatambikia wahenga, na wakamtegemea mtemi awapatie mvua. Ukame ulipozidi, mtemi aliweza hata kuondolewa. Ibada, mavuno na utawala vilikuwa jambo moja.

Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1912, alieleza kwamba ibada huifunga jamii pamoja. Hilo ni kweli. Lakini alipoona kwamba katika ibada jamii hujiheshimu yenyewe, hapo hatuwezi kumfuata. Kisima ni kazi ya mikono ya watu. Maji yaliyomo si kazi yao. Taratibu, nyimbo na vyeo vya dini vina historia ya kibinadamu, ila kiu iliyowafanya watu wachimbe haikubuniwa na yeyote.

Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko *Nostra Aetate* la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Huko Bujora, Mwanza, Padre David Clement aliupa utamaduni wa Kisukuma nafasi katika jengo la kanisa na katika sherehe ya Ekaristi Takatifu.

Hata hivyo, si kila kisima kina maji salama. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, na dhahabu ya Kahama na Geita imewavuta vijana mbali na koo zao. Katika pengo hilo wameingia wapiga ramli chonganishi. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa tamaa ya utajiri. Hayo nayo hufanyika kwa jina la imani.

Basi kipimo ni hiki: je, ibada yetu inamlinda aliye dhaifu? Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiulize ni bibi yupi jirani anayenong'onezwa uchawi, kisha imtembelee hadharani, mchana, watu wote wakiona.