Maradhi ya Meno ya Simbilisi

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mnyama mdogo aitwaye simbilisi. Watu wa Iringa na Njombe wamjua vema, maana nyumba nyingi huko humfuga jikoni, akapita miguuni pa mpishi akiokota maganda na majani. Katika nchi ya Kivu, upande wa mashariki wa Kongo, wengi humwita dende, na watoto wengi wamepata nyama kwa ajili yake mahali ambapo ng'ombe na mbuzi waliporwa wakati wa vita. Waingereza humwita nguruwe wa Guinea, ingawa si nguruwe wala hakutoka Guinea. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako wenyeji wamemfuga tangu maelfu ya miaka.

Basi, hutokea siku mfugaji akaona jambo la kushangaza. Simbilisi wake asikiapo mchakacho wa majani hupiga mlio wa furaha kama desturi yake, hukimbilia malisho, huokota jani moja, kisha huliacha likaanguka. Hurudi tena, huliokota, huliacha. Siku ya tatu yuko pembeni amejikunyata, manyoya yamemsimama, na kidevu chake kimelowa udenda. Wengine husema amekinai, wengine husema ametupiwa jicho. Kumbe mnyama huyo ana njaa kali. Chakula kiko mbele yake, nia ya kula anayo, lakini meno yamemzuia.

Ili kufahamu sababu, yatupasa kwanza kuyajua meno hayo. Simbilisi ana meno 20: manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, na magego 16 nyuma. Meno ya mtu yakiisha kuota husimama. Ya simbilisi huendelea kukua maisha yake yote, ya mbele na ya nyuma pia. Kwa hiyo hayana budi kulika kila siku. Kazi hiyo hufanywa na majani, kwa kuwa ndani ya majani mna chembe ngumu kama za mchanga, na mnyama ayatafunapo kwa muda mrefu magego husuguana na kusagika. Simbilisi alishwaye pumba, mabaki ya ugali na vyakula laini hushiba upesi bila kutafuna sana, na meno yake huzidi kurefuka.

Magego hayo hayakusimama wima. Ya chini yameinamia ndani, upande wa ulimi, na ya juu yameelekea nje, upande wa mashavu. Yakirefuka kupita kiasi, yale ya chini huja kukutana juu ya ulimi mfano wa daraja, na ulimi hunaswa chini yake. Mnyama hawezi tena kukisukuma chakula nyuma kukimeza. Yale ya juu nayo huchoma mashavu yakatoa vidonda. Mambo haya yote hutendeka ndani kabisa, kwani kinywa cha simbilisi ni chembamba na mashavu yake yamefunika njia. Ukimfumbua kwa vidole hutaona ila meno ya mbele tu. Hata hayo yaweza kukudanganya, maana kwa simbilisi mzima meno ya mbele ya chini ni marefu kuliko ya juu. Lakini ukiona yamelika mshazari, upande mmoja mrefu na wa pili mfupi, fahamu kwamba huenda anatafuna upande mmoja tu, na kwamba magego yamepata shida.

Iko sababu ya pili, nayo yahusu chakula vilevile. Wanyama wengi huweza kujitengenezea vitamini C mwilini mwao. Simbilisi hawezi, nasi wanadamu hatuwezi. Katika jambo hili sisi na yeye tu ndugu. Mwaka 1907 mabwana wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakichunguza maradhi yaliyowapata mabaharia. Wakawalisha simbilisi nafaka peke yake, na simbilisi wakapatwa na kiseyeye, ugonjwa uleule wa wasafiri wa baharini wakosao mboga na matunda. Kiseyeye hulegeza meno katika fizi, huumiza viungo, na mnyama hukataa kutafuna kwa maumivu. Basi mwenye kuwalisha pumba tupu wakati wa kiangazi huwaletea mabaya mawili kwa pamoja: meno yasiyolika na fizi zisizoshika.

Sasa tuseme mnyama amekwisha ugua. Jambo la kwanza ni kutokawia. Tumbo la simbilisi halikuumbwa kukaa tupu. Majani huchacha katika utumbo wake mkubwa mchana na usiku, na chakula kipya ndicho kisukumacho kile cha zamani. Akikaa siku nzima bila kula, utumbo huanza kusimama, hewa hujaa, na kifo chaweza kumjia kwa njia ya tumbo kabla meno hayajatazamwa. Vinyesi vyake vikiwa vidogo na vichache, ujue kwamba hali imekwisha kuwa mbaya.

Kwa hiyo mlishe kwa mkono. Chukua majani mabichi na laini, yaponde kinuni mpaka yawe kama rojo, ongeza pumba kidogo na maji safi. Ulipate bomba la sindano lisilo na sindano, nalo lisiwe limetumika kwa dawa. Mketishe mnyama juu ya mapaja yako, umefunga mwili wake kwa kitambaa, miguu yake ikiwa chini. Usimlaze chali hata kidogo, maana chakula kitaingia mapafuni. Ingiza ncha ya bomba kwa pembeni, pale penye nafasi tupu baina ya meno ya mbele na magego, utie kidogo sana, kama nusu ya mililita, ungoje atafune na kumeza ndipo utie tena. Mnyama wa gramu 800 yampasa kupata mililita 10 hivi kwa mlo mmoja, milo mitano au sita kwa siku, na mmoja wao usiku. Ni kazi ya kuchosha, nami sitawaficha: wengi huichoka siku ya pili, na hapo ndipo mnyama hufa. Usimpe maziwa wala uji wa sukari. Maji ya pera lililopondwa na kuchujwa yamfaa sana, kwa sababu pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Nina maonyo mawili, na la kwanza ni hili. Usimpe penisilini wala ampisilini wala amoksilini iliyobaki nyumbani, hata kama ilimponya mtoto wako. Dawa hizo huua vijidudu vyema vilivyo tumboni mwa simbilisi, vile vinavyomsagia majani, na vibaya hupata nafasi ya kuzidi. Mnyama huharisha akafa kwa siku chache. Jambo hili lilichapishwa na wataalamu wa Marekani tangu mwaka 1943. Na ni la ajabu kufikiri kwamba Bwana Florey na wenzake wa Oxford, walipoijaribu penisilini mwezi wa Mei 1940, walichukua panya wanane. Wanne waliokosa dawa walikufa usiku uleule, na wanne waliopewa wakaonekana asubuhi wakiwa hai. Lau wangalichukua simbilisi, huenda wangaliitupa dawa hiyo wakidhani ni sumu.

Onyo la pili: usiyakate meno kwa koleo wala kwa mkasi wa kucha. Jino hupasuka kwa urefu mpaka kwenye mzizi, na jipu huota ndani ya taya. Tena, kukata ya mbele hakuponyi ya nyuma. Kazi ya kuyapunguza magego ni ya daktari wa wanyama, ambaye humlaza mnyama kwa dawa ya usingizi na kuyasaga kwa chombo maalumu. Mwendee bwana mifugo wa wilaya mapema, mwambie siku ambayo mnyama aliacha kula na uzito wake, naye atakuelekeza. Baada ya matibabu endelea kumlisha kwa bomba mpaka atafune mwenyewe, kwani misuli ya taya huwa imechoka. Wengine hupona kabisa, na wengine huhitaji kusagwa meno tena baada ya majuma kadhaa.

Mwenye mizani ndogo ya dukani au ya jikoni ana silaha kubwa. Simbilisi mzima huficha ugonjwa wake, lakini uzito haufichiki. Mpime kila juma siku ileile, uandike. Wanafunzi wangefanya kazi hii vema kuliko wazee. Akipungua gramu 50 katika juma moja, mtazame kidevu, mtazame anavyotafuna, na papasa taya lake kwa chini kama lina uvimbe. Malisho yawe majani mabichi ya kutosha mchana na usiku, ukoka au majani ya tembo, na mboga za majani kidogo. Pumba iwe kitoweo tu.

Wako wasioweza kuponywa, hasa ambao jipu limekwisha kula mfupa wa taya. Hao kuwaua upesi ni huruma kuliko kuwaacha wafe kwa njaa mbele ya majani. Lakini aliyepewa dawa asiliwe mpaka daktari aliyeitoa aseme kwamba siku zimetimia. Na yule aliyepona, ikiwa alipatwa na maradhi haya hali wenzake waliokula chakula kilekile wote wazima, asizalishwe, maana ubaya wa taya huweza kurithiwa na watoto wake.