Upande wa Kushoto wa @

Msomaji mmoja wa Tanga ametuuliza swali ambalo wengi wanalo. Alijisajili kwenye tovuti ili apakue fomu, akaandika anwani yake ya barua pepe kama alivyotakiwa, na tangu hapo hapumui: leo kamari, kesho mikopo, keshokutwa dawa za kupunguza unene. Kila akibofya pa kujiondoa, ndipo zinapozidi. Afanyeje?

Kwanza aache kubofya. Kwa mtumaji asiye mwaminifu, kubofya huko ni ushahidi kwamba anwani ina mtu. Barua taka ni nini, kila mwenye simu anajua, wala si jambo la jana: Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo katika kampuni ya Digital Equipment huko Marekani, alituma tangazo la kompyuta kwa watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET, wakachukizwa. Anwani iliyokwisha kusambaa haizoleki. Ila kuanzia leo msomaji wetu anaweza kuwa na anwani za muda: kila tovuti inapewa yake, na ikileta udhia inafungwa. Wapo wanaoziita anwani za kutupwa. Mimi silipendi jina hilo, maana faida yake kubwa haimo katika kutupa bali katika kujua nani aliyekuuza.

Kinachoziwezesha ni kanuni moja ya zamani, ambayo naiona nzuri kuliko programu zote zilizojengwa juu yake. Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson alichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Tangu hapo anwani ina pande mbili, na kila upande una msomaji wake. Upande wa kulia, yaani kikoa, unasomwa na dunia nzima: seva inayotuma huuliza kwenye mfumo wa DNS barua za kikoa hicho zinapokelewa wapi, kisha inakwenda huko. Upande wa kushoto hakuna mwenye haki ya kuufasiri ila seva inayopokea. Hati ya RFC 5321 ya mwaka 2008, inayosimamia usafirishaji wa barua pepe, inasema hivyo waziwazi.

Chukua shule ya bweni yenye sanduku lake la posta. Posta wanachojua ni namba ya S.L.P. na mji. Bahasha ikiandikwa Asha wa Kidato cha Pili, au Asha Mpenda Hadithi, au Bi Mdogo wa bweni la juu, kwao ni mamoja: inatiwa sanduku lile lile. Anayejua nani ni nani ni karani wa shule peke yake. Sasa Asha anapatana na karani: kila rafiki wa kalamu nitampa jina tofauti, na yote ni mimi. Wa Pemba anapewa Asha Karafuu, wa Bukoba Asha Kahawa. Siku bahasha ya mtu asiyemjua inapokuja kwa jina la Asha Kahawa, hana haja ya kuuliza: jina limetokea Bukoba. Anamwambia karani, "Za Asha Kahawa usizipokee tena." Za Karafuu zinaendelea kuja. Posta hawakuombwa kibali, sanduku halikubadilishwa, fomu haikujazwa.

Katika barua pepe, karani huyo ni seva, naye anaweza kukataa mapema zaidi. Seva mbili zinapokutana, inayotuma hutaja anwani ya mpokeaji, na kabla neno hata moja la barua halijapita, inayopokea hujibu. 250: haya, endelea. 550: huyo hayupo hapa. Mazungumzo hayo yamo katika itifaki aliyoiandika Jon Postel mwaka 1982, na hadi leo ndiyo yanayotumika. Tangazo linaweza kukomea hapo, lisifike hata kwenye folda ya taka.

Uhuru huo wa upande wa kushoto umezaa mengi. Gmail hupuuza kinachofuata alama ya kujumlisha: asha+fomu na asha+hoteli zote humfikia asha. Mailinator, iliyoanzishwa na Paul Tyma mwaka 2003, hupokea jina lolote utakalobuni. Firefox Relay hukutungia anwani ya nasibu inayokupitishia barua kwenye ile ya kweli.

Lakini iliyonikosha ni Spamgourmet. Ukishajisajili mara moja kwa jina lako, unaandika neno lolote, nukta, namba, nukta, jina: hoteli.3.asha. Namba hiyo ni idadi ya barua unazokubali. Anwani hiyo hukuitengeneza popote. Umeitaja tu mbele ya kaunta ya hoteli, na seva haijaisikia bado. Barua ya kwanza inapoingia, seva inaisoma anwani, inakuta agizo limo ndani yake, inaanza kuhesabu. Ya kwanza inapita, ya pili, ya tatu. Ya nne inamezwa kimya. Anwani imebeba umri wake yenyewe! Na neno la mwanzo limekuandikia uliyempa ni nani.

Yapo ya kuangalia. Vikasha vya bure vya Mailinator husomwa na yeyote anayelijua jina, tovuti kadhaa hukataa vikoa vya namna hii, na mjanja anaweza kuifuta alama ya kujumlisha pamoja na kilichofuata. Benki, chuo na mamlaka ya mapato wape anwani ya kudumu, kwa sababu siku ukisahau nywila, kiungo cha kuibadilisha kitatumwa huko.