Hisa Yako Imeporomoka: Ushikilie au Uuze?

Tuseme ulinunua hisa za Intel mwanzoni mwa Januari 2024, kwa simu tu, ukiwa umekaa kwenye matatu. Bei ilikuwa karibu dola 47. Halafu ikafika tarehe 2 Agosti mwaka uo huo. Siku hiyo moja hisa hiyo ilianguka asilimia 26, ikafunga soko ikiwa dola 21 na senti kadhaa. Unafungua programu, unaona nyekundu, unaifunga haraka kama mtu aliyeona bili ya stima. Sasa je?

Intel si kampuni ya juzi. Ilianzishwa 1968 na inatengeneza chipu za kompyuta (si zile za kuliwa na kachumbari). Huenda laptopu uliyotumia shuleni au saiba ilikuwa na stika yake. Lakini simu janja zilipokuja, ilibaki nyuma. Akili mnemba ilipokuja, Nvidia ndiyo iliyovuna. Agosti 2024 Intel ilitangaza kupunguza wafanyakazi takriban 15,000 na kusimamisha mgao wa faida kwa wenye hisa. Novemba ikaondolewa kwenye orodha ya Dow Jones, na nafasi yake ikapewa Nvidia hao hao. Mwaka ulipofungwa, hasara ilikuwa dola bilioni 18.8.

Wenye hisa za namna hii huwa hawakubaliani. Wapo wanaosema, "Sijapata hasara mpaka niuze." Inatuliza moyo, ila si kweli. Hisa yako ina thamani ya kile soko linatoa leo, uuze usiuze. Kutoka dola 47 hadi 21 umepoteza zaidi ya nusu, na ili urudi ulipoanza lazima bei ipande zaidi ya mara mbili. Watu wengi hufikiri ikishuka asilimia 55 inahitaji kupanda asilimia 55. Hapana. Inahitaji kama asilimia 124.

Wengine huongeza hisa bei ikishuka. Ulikuwa na hisa 10 za dola 47, unanunua 10 zingine kwa dola 21, na wastani wako unakuwa dola 34. Kwenye skrini inapendeza. Lakini pesa zako zilizo hatarini zimetoka dola 470 hadi 680, zote kwa kampuni moja, tena yenye shida. Kama umesoma hesabu zake na unaamini mpango wake, sawa. Kama unaongeza ili tu nyekundu ipungue, hapo unajidanganya.

Halafu kuna wanaotaja AMD, na hawa wana hoja. Mwaka 2015 hisa moja ya AMD ilikuwa chini ya dola 2 na wengi waliona imekwisha. Chini ya Lisa Su, aliyeshika uongozi Oktoba 2014, ilitoa chipu mpya zilizouzika, na 2021 bei ikapita dola 100. Kwa hivyo kufufuka kunawezekana. Ila Intel yenyewe ilifika karibu dola 75 mwaka 2000, na hadi 2025 inaisha ilikuwa haijarudi hapo. Robo karne! Kusubiri pia kuna gharama yake.

Kwa Mkenya kuna jambo lingine ambalo ushauri wa Wamarekani hautakwambia: shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia Agosti ilikuwa kama 129. Kwa hivyo hisa iliyokutoa takriban shilingi 7,500 ilikuwa sasa shilingi 2,700 na kitu. Kwa dola umepoteza asilimia 55, kwa shilingi ni kama 64. Na kodi ya shule hailipwi kwa dola, hailipwi pia kwa matumaini.

Swali ambalo sisi tungejiuliza ni hili: kama leo ungekuwa na shilingi hizo 2,700 mkononi badala ya hisa, ungenunua Intel nazo? Ukijibu ndiyo, na unaweza kueleza kwa nini bila kutaja bei uliyonunulia, shikilia. Ukijibu hapana, basi kinachokushikilia ni ile 47, na soko halijui wala halijali ulinunua kwa ngapi. Kama ni pesa ya karo ya muhula ujao, hata usifike kwenye swali hilo. Itoe.

Na ndiyo, aliyeuza Agosti 2024 huenda alijikuna kichwa baadaye. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilikubali kuchukua karibu asilimia 10 ya Intel, mwezi uliofuata Nvidia ikatangaza kuweka dola bilioni 5, na hisa ikapita dola 30. Hakuna aliyeyajua hayo mwaka mmoja kabla, na hata hivyo 30 ilikuwa bado mbali na 47.

Ukiamua kuuza, angalia kwanza ada ya kuuza na kiwango utakachobadilishiwa dola kuwa shilingi, maana programu hazifanani. Ukiamua kubaki kwa sababu ya mgao wa faida, ya kampuni yoyote ya Marekani, jua kwamba Mkenya hukatwa kodi ya asilimia 30 huko huko kabla pesa haijafika. Dola 10 zinakuja zikiwa 7.