Darubini kuukuu yakabiliwa na unyevu na Ikweta Kisii

Darubini iliyotengenezwa Ulaya au Marekani zaidi ya miaka 50 iliyopita yaweza kuonyesha pete za sayari ya Zohali hadi leo. Hata hivyo, ikifikishwa Kisii au Nyamira hukumbana na mambo mawili ambayo fundi wake huenda hakuyawazia: unyevu na Ikweta.

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Darubini ikifungiwa sandukuni ingali na umande, kuvu huota juu ya lenzi na kutoa tindikali inayokula kioo. Yafaa ikaushwe kwanza, kisha iwekewe vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya viatu vipya.

Wachongaji wa Tabaka hung'arisha mawe kwa msasa na maji. Kioo cha darubini hakistahimili hayo. Utando wake wa alumini unaoakisi nuru una unene wa takriban sehemu moja ya 10,000 ya milimita. Vumbi kidogo halidhuru picha, ila mikwaruzo haitoki. Kikichafuka sana, kisafishwe kwa maji yaliyokenekwa, tone la sabuni na pamba isiyokandamizwa.

Tatizo la Ikweta ni gumu zaidi. Vishikizo vingi vya zamani vina mhimili unaopaswa kulala sambamba na ule wa dunia, ili darubini ifuate nyota zinaposonga. Jijini London mhimili huo huinuliwa digrii 51. Kisii na Nyamira, zilizo chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta, wapaswa kulala karibu bapa. Vingi haviinami hivyo, na vikilazimishwa, uzani wa kusawazisha hugonga miguu. Nafuu ni kishikizo cha mbao kilichoenezwa na Mmarekani John Dobson tangu miaka ya 1960: sanduku linalozunguka kwenye ubao, kazi ambayo seremala yeyote hodari aimudu.

Lililo la hatari hasa ni kichujio cheusi cha kutazamia jua, kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho katika darubini nyingi za kale. Hukaa pale miale inapokusanyika, na chaweza kupasuka ghafla na kumpofusha mtazamaji. Kitupwe. Kichujio salama hufunika mdomo wa mbele wa darubini, kabla miale haijaingia.