Sokwe mtu: jina tulimpa, haki tukamnyima

Kiswahili kinamwita sokwe mtu. Waliompa jina hilo hawakuwa na maabara; macho yao yaliwatosha. Sayansi imekuja nyuma yao. Jeni zake na zetu zinafanana kwa takriban asilimia 98, na tangu mtafiti Jane Goodall alipomwona huko Gombe, Tanzania, mwaka 1960, akitoa mchwa kichuguuni kwa kijiti alichokitengeneza mwenyewe, hatuwezi tena kudai kwamba zana ni za binadamu peke yake.

Akifika mahakamani, neno "mtu" linamtoka. Sheria za asili ya Kibelgiji tulizorithi hapa Kongo zinagawa ulimwengu mafungu mawili: watu na mali. Sokwe yumo katika mali.

Kwetu Bunia, mashariki mwa Kongo, jambo hili haliko mbali. Barabara ya Komanda na Mambasa inakwenda Epulu, kwenye Hifadhi ya Okapi iliyoanzishwa mwaka 1992. Upande wa Djugu na Mahagi, vipande vya msitu juu ya Ziwa Albert bado vina sokwe. Mwindaji akitafuta nyama humpiga risasi mama. Mtoto hana nyama ya kutosha, basi hufungwa kamba kiunoni na kuuzwa. Kwa kawaida angenyonya miaka minne au mitano, na mama huzaa mara moja tu kila miaka mitano au sita. Mtoto huyo akikomaa anamzidi mfugaji wake nguvu, naye huishia kwenye kizimba.

Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyamapori, na nchi yetu iliingia mwaka 1976 katika CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Lakini ulinzi huo ni wa aina nzima ya mnyama, kama hazina ya taifa. Sokwe mmoja aliyefungwa kamba hana wa kumsemea. Akikamatwa anakuwa kielelezo cha kesi, kisha inatafutwa nafasi katika kituo cha sokwe yatima kama Lwiro, Kivu Kusini, kilichoanzishwa mwaka 2002.

Kwingine mahakama zimekwenda mbele. Novemba 2016, huko Mendoza, Argentina, jaji María Alejandra Mauricio aliamua kwamba sokwe Cecilia, aliyebaki mpweke kizimbani baada ya wenzake kufa, si kitu bali ni mwenye haki. Mwaka uliofuata akahamishiwa hifadhi ya Sorocaba, Brazil. New York, mwaka 2014, mahakama ya rufani ilikataa ombi kama hilo kwa ajili ya sokwe Tommy, ikisema hawezi kubeba wajibu. Hoja hiyo hainitoshi. Mtoto mchanga naye habebi wajibu wowote, na hakuna anayemwita mali.

Tena utu wa kisheria si ubinadamu. Mashirika ya mji huu hufuatilia hati ya utu huo wizarani miaka na miaka, ili yaweze kumiliki na kushtaki. Kama karatasi yenye mhuri inaweza kuwa mtu mbele ya hakimu, kiumbe anayeumia na kukumbuka hakosi sifa.

Najua kuna atakayeuliza: watu wa Djugu na Irumu wanalala kambini, nawe unatetea sokwe? Swali ni la haki, na anayeliuliza huenda amezika ndugu. Lakini bunduki zinazowafukuza wanakijiji ndizo zinazoingia msituni, na mahakama dhaifu inayomwachia muuza sokwe ndiyo inayomwachia muuaji. Haki ya mmoja haipunguzi ya mwingine.

Ninaloomba kwa wabunge ni dogo: sheria imtambue mlezi atakayesimama mahakamani kwa niaba ya kila sokwe aliyenaswa. Kwako msomaji, ukiuziwa mtoto wa sokwe, usimnunue hata kwa huruma, kwa maana fedha yako itamlipia mwindaji risasi nyingine. Toa taarifa kwa ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi. Mtoto huyo alikuwa na mama.